Maneno ya Mwisho ya Jivu

Kinyozi alikiacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akavuka barabara kwenda kubishana dukani kwa Kipaza. Mteja mwenyewe alimfuata na kitambaa chake shingoni, maana naye alikuwa na lake la kusema. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi za juma lile. Sehemu ya tisa ya filamu ya Mzunguko wa Zohali, ile ya mwisho kabisa, ilikuwa imetoka, na mtaa mzima ulikuwa umegawanyika pande mbili kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hata kuzaliwa hajazaliwa.

"Mimi simsamehi," alisema Kinyozi, mashine ya kunyolea ingali mkononi. "Mtu ameunguza sayari nzima, mkewe yumo humo humo. Mtoto wake wa miaka minane amemtupa kwenye chombo cha mizigo kama gunia. Halafu leo, dakika tatu kabla filamu haijaisha, anashika mlango, basi sisi tumpigie makofi?"

"Aliushika mpaka mikono ikaungua," alisema Mama Vitambaa, mwenye duka la pili kutoka pale. "Angeuachia, yeye angepona na binti yake asingetoka. Wewe Kinyozi, sahani ya chakula ikiwa ya moto tu unaiweka chini."

Watu walicheka. Kinyozi hakucheka.

"Mikono tuiache. Mimi natazama mdomo. Jivu alimwambia nini mwanawe pale kwenye kioo? 'Usidhani nimekuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa sababu sina pengine pa kwenda.' Huyo ndiye aliyetubu?"

"Hakusema hivyo," alisema Mwalimu.

Mwalimu alifundisha hesabu zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zake zote ziliishia pale kwenye benchi la Kipaza. Katika kundi lile, yeye peke yake ndiye aliyekwenda kuiona filamu mjini, kwenye ukumbi, ikiwa katika lugha yake yenyewe na maandishi chini. Wengine wote waliijua kwa sauti ya Kipaza.

"Maandishi yalipita haraka," aliendelea Mwalimu, "sikuyashika yote. Lakini palikuwa na kitu kuhusu umri. Na yule binti, nina hakika, hakusema neno hata moja. Alinyamaza."

"Alinyamaza vipi na mimi nimemsikia?" Kinyozi aligeuka. "Kipaza, kaka, tuamulie. Wewe ndiye uliyekaa na Jivu miaka kumi. Alisema nini?"

Kipaza alikuwa nyuma ya meza, akijitia anahangaika na flashi ya mteja. Hakuinua uso. "Alichosema ndicho nilichosema," alijibu, na Kinyozi akarudi kwenye kichwa chake cha nusu akiwa ameshinda.

Ulikuwa uongo, na Kipaza aliujua vizuri kwa sababu ulikuwa wa mkono wake mwenyewe.

Kazi ya Kipaza ilikuwa kutia sauti filamu za watu wa mbali ili watu wa karibu wazielewe. Alifanya wote yeye mwenyewe: mashujaa, mabibi, watoto, hata mashine zinazoongea. Alijifungia ndani ya kabati la nguo aliloondoa rafu zake, akalibandika trei za mayai ukutani na blanketi mlangoni, na kipaza sauti chake amekivisha soksi. Wenzake kwenye kazi ile waliongea juu ya picha kama watangazaji wa mpira, wanataniana na watazamaji na kuwasalimia jamaa zao. Yeye hapana. Alifuata midomo. Mdomo ukifunguka naye anafungua, ukifunga anafunga, na mtu aliyezoea filamu zake huweza kuapa kwamba wale waigizaji walizaliwa mtaa wa nyuma. Tena alirekodi mara moja tu. Kurudia, alisema, ni kwa watu wasiojua wanachotaka kusema.

Palikuwa na sheria moja tu nyingine, nayo aliwafundisha wote waliokuja kujifunza kwake: mdomo usipoonekana, maneno ni yako. Mtu akiwa ametoa kisogo, au akiwa gizani, unaweza kumtia utani, methali, hata salamu za shangazi yako, na hakuna atakayejua.

Jivu aliivaa barakoa sehemu zote nane za mwanzo. Jina lake la kwenye filamu lilikuwa gumu kutamkika, basi Kipaza akambatiza hilo kwa rangi ya barakoa yake. Mtu asiyeonekana mdomo kwa filamu nane ni mali ya mtia sauti, na Kipaza alimpa vitu vyake vyote. Alimpa sauti nzito inayotoka chini kabisa, ya mtu asiyependa kurudia jambo. Alimpa na kikohozi kile: kabla ya kusema neno lolote la maana, Jivu alisafisha koo mara mbili, ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Watoto mtaani walikiiga. Mwalimu alikuwa akikitumia darasani kunyamazisha watu.

Hakuna aliyejua kilikotoka. Kilitoka kwa baba yake.

Baba yake alikuwa dereva wa lori. Alhamisi moja, Kipaza akiwa na miaka kumi na mmoja na dada yake kumi na minne, mzee alipakia kwenye lori cherehani ya mama yao, ile iliyokuwa ikiwalisha, akasafisha koo mara mbili na kusema anaipeleka kwa fundi. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa mji mwingine. Mama yao alifulia watu nguo mpaka vidole vikapasuka, na alipofariki, miaka tisa baadaye, hakuna aliyejua pa kumpelekea mzee habari. Sasa mtu akimuuliza ni kitu gani kinachofanana na kuunguza sayari, Kipaza alikuwa na jibu lake, akalitia katika kila filamu, na watu wakasema hakika huyu bwana anajua kuigiza watu wabaya.

Kisha, miezi miwili kabla ya sehemu ya tisa, mzee akarudi.

Alirudi ameshikwa mkono na utingo wa basi, macho yote mawili yana ukungu, na begi moja la zipu mbovu. Alifikia kwa dada. Dada ni mtu wa roho nyeupe, au mpumbavu, kutegemea umemuuliza nani. Alimtandikia sebuleni na kumpikia uji. Kipaza alikwenda siku moja tu. Alisimama mlangoni. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi akiwa ameelekea ukutani, akageuza kichwa kusikia nyayo, akasafisha koo: ndefu, fupi. "Umekuja," alisema.

Alikuwa Jivu mtupu. Kipaza hakuvuka kizingiti. Hakumwamkia mzee wake, hakuketi. Alimpa dada mfuko wa machungwa, akaondoka, na njia nzima alikuwa akijisemea maneno aliyotamani kuyasikia yakitoka kinywani mwa yule mzee, ukweli mtupu kwa mara moja: sikuja kwa ajili yenu, nimekuja kwa sababu sina pengine pa kwenda.

Dada alikuja dukani siku chache baadaye na flashi. "Nitilie zote za Jivu," alisema. Kipaza alimtilia. Hakuuliza ni za nani, na dada hakumwambia, ingawa wote wawili walijua kwamba nyumbani kwa dada hakuna mtu anayetazama vyombo vya angani.

Kwa hiyo siku alipoingia kabatini na sehemu ya tisa, Kipaza alijua itasikilizwa na nani. Hili tuliseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alijaribu kusema ilimtoka tu. Haikumtoka. Ilipofika ile sehemu ya mwisho, jua linakimeza kituo cha angani, Jivu ameshikilia mtaimbo wa mlango kwa mikono, binti yake rubani yuko upande wa pili wa kioo, kamera ilikwenda nyuma. Jivu anavua barakoa, lakini tunaona kisogo. Binti naye anaonekana mabega tu. Hakuna mdomo. Maneno yake yenyewe Jivu yalikuwa haya: "Siombi unisamehe. Ujue tu kwamba kila siku nilijua una umri gani." Binti hajibu. Anaweka kiganja kwenye kioo, basi.

Kipaza alisimamisha picha. Alikaa kabatini na jasho lake. Kila siku nilijua una umri gani. Alicheka peke yake, kicheko kibaya. Waandishi hawa, alijisemea, wanatunga mambo. Hakuna baba wa hivyo. Akabonyeza, akamvisha Jivu yale maneno ya njiani. Na pale penye kiganja, penye ukimya, akabadilisha sauti ikawa ya kike na kumtia binti maneno: "Umechelewa. Kufa peke yako."

Alirekodi mara moja, kama kawaida yake. Kisha juma zima alisubiri.

Simu ililia asubuhi ileile ya mabishano, saa nne na nusu, Kinyozi akiwa hajamaliza hata upande wa pili wa kile kichwa. Alikuwa dada.

"Baba anafunga mizigo," alisema.

"Anakwenda wapi?"

"Kulekule alikotoka. Kuna binamu wa yule mama wa kule, amesema atampa chumba cha uani. Nimemwomba, nimelia, hasikii. Anapanda basi la saa nane. Jana mchana aliisikiliza ile ya mwisho. Mara tatu, mdogo wangu. Pale mwishoni ananiambia rudisha, narudisha. Halafu akaniuliza yule binti amesema nini, nikamwambia baba, si umesikia. Akasema nimesikia, nilitaka kujua kama na wewe umesikia."

Kipaza aligeukia rafu ili watu wa kwenye benchi wasimwone uso.

"Ni filamu tu, dada."

"Usinifanye mtoto. Unadhani mimi sikuijua ile sauti? Siku ya kwanza niliyoisikia nilizima. Na yeye aliijua. Miaka kumi anazinunua kule, anawaambia watu huyu anayeongea ni mwanangu, na huyu mbaya ni mimi. Wanamcheka, wanamwona mzee anajitafutia jina. Amekaa miaka yote akingoja ya mwisho, asikie utamfanya nini. Ndiyo maana alikuja, ukitaka kujua. Alitaka kuwa karibu ikitoka. Njoo uongee naye. Sijui utamwambia nini. Njoo tu."

"Nakuja," alisema Kipaza.

Na alikusudia kwenda. Kutoka dukani mpaka kwa dada ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kulikuwa na saa tatu na nusu mbele yake. Alifunga duka, akawatoa watu kwenye benchi, Mwalimu akiwa katikati ya sentensi. Alifika njia panda, kulia kwa dada, kushoto nyumbani kwake. Hapo ndipo mtu mwingine yeyote, mwuza vitambaa, kinyozi, mwalimu wa hesabu, angekwenda kulia. Kipaza alisimama akajiuliza atakapofika atasema nini. Alitafuta mdomoni mwake, hakukuta kitu. Miaka thelathini na moja hajamwambia mzee yule neno, hata shikamoo. Lakini Jivu alikuwa na la kusema. Jivu alikuwa ameandikiwa maneno mazuri na watu waliosomea. Atayarekodi upya, alijisemea, yale ya kweli, kwa sauti ileile. Atampelekea mzee, watakaa wayasikilize pamoja, na hakuna atakayelazimika kusema chochote. Kipande cha dakika tatu. Saa moja, ikizidi sana.

Akaenda kushoto.

Aliingia kabatini, akafunga blanketi. Akasafisha koo: ndefu, fupi. "Siombi unisamehe," alisema, na ilikaa sawa. "Ujue tu kwamba kila siku nilijua..." Akasimama. Haikuwa sauti ya Jivu. Ilikuwa yake, nyembamba, ya mtu aliyekalia mwiba. Akarudia. Yeye asiyerudia alirudia mara nne, mara saba. Maneno ya hasira, ya amri, ya vitisho, koo la Jivu lilikuwa likiyatoa bila shida. Haya yalikataa. Alijikuta anakumbuka kila kitu alichowahi kumsikia baba yake akisema, akitafuta neno moja la upole la kuliiga, ajue lile koo linalegeaje. Alikumbuka "pisha", alikumbuka "lete funguo", alikumbuka "naipeleka kwa fundi". Basi akawa anabuni tu, na kila alichobuni kilisikika kimebuniwa.

Ya kumi na nne aliikubali kwa sababu saa yake ilisema saa saba kasoro kumi. Pale pa binti hakuweka kitu, aliacha mlio wa chombo na kiganja kwenye kioo. Kompyuta ilianza kuunganisha filamu upya, nayo ilikuwa imezeeka kazini. Ilihesabu asilimia zake taratibu, ikapumzika kwenye sitini, ikapumzika tena kwenye themanini na moja. Simu yake ilikuwa nje ya kabati, imezimwa mlio kama kila anaporekodi. Dada alipiga mara tisa.

Alitoka mbio saa nane kasorobo, flashi mkononi, shati limelowa. Alifika kwa dada saa nane na dakika kumi. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya kochi shuka ilikuwa imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kazi ya mtu aliyezoea kulala kwenye lori. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti kando yake, viatu vya kutokea angali amevivaa, ndiyo kwanza anarudi stendi ya hapo jirani.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natengeneza ile sehemu." Alimwonyesha flashi. "Nimeirudisha ilivyo. Hakusema vile, dada. Mimi ndiye niliyemtilia maneno. Nimekuja nayo asikilize."

Dada aliitazama flashi ile.

"Mdomo si unao?" alisema.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu. Alichukua simu yake, akapiga, akamkabidhi, akaenda jikoni na kusimama huko mgongo umegeuka.

Iliita mara nyingi. Kisha ngurumo ya basi, mtoto wa mtu analia, na katikati ya kelele zile, ndefu, fupi.

"Shikamoo, baba," alisema Kipaza.

Basi lilibadilisha gia.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Baba, ile filamu. Ile ya mwisho. Jivu hakusema vile. Nilibadilisha mimi. Kwenye filamu yenyewe anasema, siombi unisamehe, ujue tu kwamba kila siku nilijua una umri gani. Na binti yake hasemi kitu. Hamwambii afe. Nimeirekodi upya, ninayo hapa mkononi. Shuka stendi inayofuata, nitakufuata."

Alimaliza akiwa anahema. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa sauti yake mwenyewe bila picha mbele yake.

"Ni maneno mazuri," alisema mzee. "Umeyatunga vizuri."

"Sikuyatunga, baba. Ndiyo yaliyomo."

"Sawa."

"Muulize yeyote. Kuna mwalimu aliyeiona mjini."

"Sawa, mwanangu, nimekuelewa. Una moyo kama wa mama yako." Alisafisha koo tena, safari hii mara moja tu. "Lakini sikiliza. Haya unanipa leo kwa sababu naondoka na dada yako amelia. Ile ya kwanza hukulazimishwa na mtu. Mimi nimebeba watu wengi kwenye lori, najua mtu anaposema la kweli na anaponipa moyo. Na usiumie. Yule binti alisema sawa. Dada yako alibishana na mimi, akasema binti mkatili, nikamwambia hapana, mwache. Ningekuwa yeye ningesema zaidi."

Kipaza alifungua mdomo. Alikuwa na maneno sasa, yalikuwa yamejaa, yanasukumana, na hakuna hata moja lililopata pa kutokea.

"Jumatatu unatimiza arobaini na mbili," alisema mzee. "Pumzika siku hiyo. Koo lako haliko sawa, nimelisikia tangu sehemu ya saba, unakula mwisho wa maneno. Kunywa maji ya moto."

Basi liliingia mahali pasipo na mtandao, na simu ikakatika.

Nyumbani kwao hapakuwa na desturi ya kuhesabu siku za kuzaliwa. Kipaza ilimbidi atoe kitambulisho mfukoni. Alikisoma mara mbili. Kilikuwa kinasema Jumatatu ile.

Aliahidi kumfuata mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulifika na filamu tatu mpya, akasema ujao. Walisalimiana kwa simu, shikamoo, marahaba, macho yanaendeleaje, yanaendelea. Lile la Jivu hawakuligusa tena. Kipaza alikuwa anangoja waonane uso kwa uso. Mwezi wa tano, binamu wa yule mama alipiga simu. Mzee alikuwa amefariki usingizini.

Alikwenda kuzika. Alipoombwa aseme neno kwa niaba ya watoto, alisimama mbele ya watu asiowajua, akasafisha koo: ndefu, fupi. Wazee wote waliokuwa wameinamisha vichwa waliviinua kwa pamoja na kumtazama. Hakusema mengi. Aliwashukuru, akaketi. Mmoja wao alikuja baadaye kumshika mkono, akamwambia, "Kumbe alikuwa anasema kweli, yule. Kumbe ni wewe."

Aliporudi na kufungua duka, benchi lilijaa kana kwamba halikuwahi kuwa tupu. Walimpa pole mmoja mmoja. Kisha Kinyozi, ambaye hana ubaya ila hawezi kukaa kimya, akasema kwamba sasa anaitaka ile sehemu ya tisa tena, kuna mteja haamini maneno ya mwisho ya Jivu.

"Nina mpya," alisema Kipaza. "Ile ya kwanza niliharibu. Nilimtilia maneno."

Benchi zima lilimgeukia.

"Mnaona?" alisema Mwalimu.

"Ngoja kwanza," alisema Kinyozi. "Alisema nini sasa?"

Kipaza aliweka viganja vyake juu ya meza. Aliyasema kwa sauti yake, hakumwiga mtu.

"Alisema, siombi unisamehe. Ujue tu kwamba kila siku nilijua una umri gani."

Mama Vitambaa alivuta pumzi. Kinyozi aliyapima yale maneno, kichwa ameinamisha upande kama anayetazama nywele zilizokatwa na mtu mwingine. Kisha alitikisa kichwa, na kwa sababu alimpenda Kipaza, alisema kwa upole.

"Hapana, kaka. Hiyo umeiweka kwa ajili ya msiba, na sikulaumu. Lakini nitilie ile ya zamani. Hakuna baba wa hivyo."